Minara ya Shukrani ya Mtaa wa Kichanga

Habari hii ni ya kweli. Kama ingekuwa ya uongo ingekwisha kutangazwa redioni. Jina la nchi yenyewe nitaliacha, kwa kuwa lilikuwa likibadilishwa kila baada ya sherehe, na mimi sipendi kumkosea mtu jina. Nitasema tu kwamba ilikuwa na bendera, jeshi na Wizara ya Makazi Nafuu, na kwamba kati ya hivyo vitatu ni bendera peke yake iliyokuwa na mahali pa kudumu pa kukaa.

Katika nchi hiyo kulikuwa na mji mdogo ulioitwa Ndulele. Ulikuwa na soko moja, kituo kimoja cha polisi na ofisi za serikali thelathini na nane. Watu wake walikuwa wengi kuliko vyumba, na vyumba vilikuwa vichache kuliko mabango yaliyotangaza kwamba vyumba viko njiani vinakuja.

Hapo Ndulele aliishi Sikudhani, mshona sare za shule. Alikuwa na cherehani ya miguu, mume fundi mwashi aliyeitwa Kitwana, na watoto wanne. Wote hao, pamoja na cherehani, walikaa chumba kimoja katika nyumba ya vyumba kumi yenye choo kimoja. Mwenye nyumba, Bwana Mwinyikombo, alikuwa mtu wa huruma kupita kiasi: kila alipopandisha kodi alikuja mwenyewe kulia pamoja na wapangaji. Siku alipokuja kulia kwa mara ya tatu katika mwaka mmoja, Sikudhani alikuwa akishona ukosi wa shati. Akasimamisha cherehani.

"Baba, futa machozi," alimwambia. "Mara hii tunahama."

Bwana Mwinyikombo akasahau kulia. "Mnahamia wapi tena, mama?"

"Mahali."

Ukweli ni kwamba hakujua ni wapi. Neno lilimtoka tu, na likishamtoka mtu mbele ya wapangaji wa vyumba kumi huwa halirudi. Jioni ile wanawake walimzunguka uani, wakitaka kujua hapo mahali pakoje. Aliyekuja wa kwanza ni Bi. Mashavu wa chumba cha tano, mjane aliyekuwa akifyatua na kuchoma matofali tangu ujana wake. Matofali yake yalijenga nusu ya Ndulele, pamoja na ile nyumba waliyokuwa wanafukuzwa kwa machozi, na yeye mwenyewe hakuwahi kulala siku moja ndani ya ukuta aliouita wake.

"Nyuma ya kiwanda cha kamba kilichokufa kuna uwanja mkubwa wa changarawe," alisema Bi. Mashavu. "Ni wa Manispaa. Hauna kazi. Udongo wa matofali uko hatua mia tu kutoka pale. Mimi natoa mikono."

"Kitwana anatoa mwiko," Sikudhani akasema, bila kumuuliza Kitwana.

Mpaka wiki ilipokwisha, pamoja na wapangaji wa nyumba za jirani, walikuwa kaya arobaini na mbili, na kikundi chao kikaandikishwa kwa jina la Wapangaji Waliochoka.

*

Sikudhani akavaa gauni lake la kuendea harusi za watu, akaenda Manispaa. Ofisi ya Mipango Miji ilikuwa chini ya Bwana Pazi Lukwembe, Kaimu Afisa. Bwana Pazi alikuwa amekaimu kwa miaka kumi na tisa, na ndiyo maana kiti chake kilikuwa hakina egemeo. Egemeo lilikuwa la afisa kamili.

"Shikamoo, baba. Tunaomba ule uwanja wa nyuma ya kiwanda cha kamba. Matofali tutafyatua, mafundi tunao. Hatuombi kingine."

Bwana Pazi aliangalia mlango kwanza, kisha dirisha, kisha picha ya Mlezi Mkuu wa Taifa iliyotundikwa ukutani. "Marahaba. Mnataka kujenga nyumba?"

"Nyumba."

"Za kukaa watu?"

"Za kukaa watu, baba."

"Mama, hilo ni jambo zito," alisema kwa sauti ya chini, akavuta fomu. Palihitajika barua ya mwenyekiti wa mtaa, picha sita za mwombaji akiwa amenyamaza, na uthibitisho kwamba mwombaji ana makazi ya kudumu.

"Ningekuwa na makazi ya kudumu ningekuja kuomba makazi?"

"Serikali haiwezi kumpa nyumba mtu ambaye haijui anakaa wapi," Bwana Pazi alieleza kwa upole. "Halafu kuna hili la pili. Hizo nyumba zenu ni nafuu?"

"Ni nafuu."

Bwana Pazi akashusha pumzi. Ilionekana kwamba Mlezi Mkuu, katika busara zake, alikuwa ameunda Kamati ya Taifa ya Kutafsiri Neno Nafuu. Kamati ilikaa miaka sita katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ikatoa taarifa ya kurasa mia nane, na taarifa ikasema hivi: katika lugha fasaha, anayepata nafuu ni mgonjwa. Basi majalada yote ya makazi nafuu yakahamishiwa hospitali.

Sikudhani akaenda hospitali. Alipanga foleni kati ya mtu mwenye jipu na mtu mwenye kikohozi. Nesi alimpima homa, akamtazama ulimi, akamsikiliza, kisha akaandika kwenye cheti: *Hana nyumba. Hali ni ya muda mrefu.* Akampa vidonge sita vya maumivu na kumwambia arudi baada ya wiki mbili iwapo nyumba itakuwa haijatokea. Vidonge alimpelekea Bi. Mashavu, aliyekuwa akisumbuliwa na kiuno.

Kwa miezi mitano alitembea kati ya Manispaa na hospitali. Gauni la harusi lilipauka mabegani. Nyumbani Bwana Mwinyikombo alikuwa ameshalia mara nyingine mbili, na familia ya chumba cha tisa ilikuwa imehamia chini ya paa la karakana ya mabasi. Siku moja Sikudhani alikuwa amekaa kwenye benchi la Bwana Pazi akijiuliza kama asimame aende zake kabisa, walipoingia wafanyabiashara wawili, wakasema neno moja, wakapigiwa muhuri na kutoka. Chai ya Bwana Pazi ilikuwa bado inafuka.

"Wale wamepewa kibali cha nini?"

"Mnara wa Shukrani," alisema Bwana Pazi. "Kila mwananchi ana ruhusa ya kujenga mnara wa kumshukuru Mlezi Mkuu, mahali popote penye ardhi isiyo na kazi. Hakuna ada, hakuna ukaguzi. Unaweka picha yake kwa nje, basi. Na ukishasimama haubomolewi. Kuubomoa ni uhaini."

Sikudhani akasogea ukingoni mwa benchi. "Unatakiwa uwe na urefu gani?"

"Sheria haikusema."

"Na upana?"

"Haikusema."

"Je, ni lazima uwe umejaa ndani?"

Bwana Pazi akaweka kalamu chini. Alimtazama yule mwanamke, akatazama mlango, akamtazama tena. Na yeye alikuwa mpangaji. Alikaa vyumba viwili vya kaka wa Bwana Mwinyikombo, ambaye hakuwa hata na adabu ya kulia.

"Mama," alisema taratibu, "mko wangapi mnaotaka kushukuru?"

"Kaya arobaini na mbili, baba. Tuna shukrani nyingi. Zimetujaa mpaka hatuna pa kuziweka."

Bwana Pazi akafunga mlango, akaanza kupiga muhuri. Kufikia kibali cha thelathini na nane wino ulikwisha. Vilivyobaki alivipiga kwa mate.

*

Wakajenga. Sitasema uongo kwamba ilikuwa kazi nyepesi, maana hilo tayari limesemwa redioni. Bi. Mashavu alisimama ndani ya shimo la udongo, sketi imekunjwa mapajani, akifyatua matofali tangu alfajiri huku akitukana kila aliyemletea maji kidogo. Wanawake walibeba mchanga kwa karai. Kitwana alipima pembe kwa kamba na kwa jicho moja lililofumbwa, akawafundisha waume za watu kushika mwiko, na wawili kati yao hata wakajua. Tanuri la matofali liliwaka wiki nzima. Mvua ya kwanza iliangusha kuta tatu, wakaziinua. Mvua ya pili haikuangusha kitu.

Minara ikasimama. Kila mmoja ulikuwa na urefu wa futi tisa na upana wa futi ishirini na nane, bati juu, na picha ya Mlezi Mkuu ikitabasamu juu ya mlango.

Minara arobaini na miwili kwa mkupuo mmoja ilikuwa habari kubwa, na habari ikamfikia Waziri wa Makazi Nafuu, Mheshimiwa Daktari Kolowa. Udaktari wake aliupata katika chuo alichokifungua mwenyewe, ambacho baada ya kumhitimisha yeye kilifungwa kwa kuwa kimetimiza lengo. Alikuja na bendi ya tarumbeta. Alipita akizungusha fimbo yake, nyuma yake Bwana Pazi akitokwa jasho, akasimama mbele ya mnara wa Sikudhani.

"Mbona mnara huu una madirisha?"

"Ili shukrani zitoke, Mheshimiwa," alisema Sikudhani. "Zikikaa ndani zitavunda."

Waziri akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akazunguka nyuma. "Na hiki kijumba chenye shimo?"

Kitwana akakohoa. Bwana Pazi akafumba macho. Sikudhani akasema, "Hicho ni cha unyenyekevu, Mheshimiwa. Anayeingia humo hawezi kujivuna."

Waziri akatoa kitambaa akajipangusa macho. Hotuba aliyoitoa pale ilidumu saa mbili na robo. "Ndugu wananchi!" alisema. "Minara ya zamani inanyanyua shingo. Minara hii imekaa chini, imetandaza miguu, kama wananchi wenyewe! Huu ni uzalendo mpana! Huu ni uzalendo wenye nafasi ndani!" Mwisho akatoa amri kwamba hazina kama ile isiachwe peke yake hata dakika moja. Kila mnara uwe na familia ya kuulinda, iishi humo humo.

Sikudhani aliinamisha kichwa kama mtu aliyetwishwa gunia, akasema watajitahidi.

Wakahamia siku ile ile. Sikudhani aliiweka cherehani karibu na dirisha la mashariki, akakaa kwenye kigoda bila kushona. Alinyoosha mkono wa kulia; haukugusa kitu. Akanyoosha wa kushoto, haukugusa kitu. Watoto walikuwa wakikimbizana kutoka chumba hadi chumba, wakiita majina yao ili wasikie sauti inavyorudi. Kitwana alimkuta akilia, akamuuliza kuna nini, naye akasema ni vumbi la saruji.

Miaka miwili walishukuru bila kusumbuliwa. Mtaa ukaitwa Kichanga, ukapata mti wa kinyozi, duka la mafuta ya taa, na ugomvi wa kawaida wa majirani kuhusu kuku.

*

Mwaka wa tatu Mlezi Mkuu alikwenda ng'ambo kung'oa jino. Jino likarudi. Yeye hakurudi.

Mahali pake akakaa mtu mwingine aliyejiita Mkombozi, na siku hiyo hiyo wananchi wakaarifiwa kwamba kwa miaka ishirini na sita walikuwa wakiteseka. Daktari Kolowa alikamatwa asubuhi kwa kosa la kuwa waziri wa Mlezi Mkuu, na mchana akaapishwa kuwa waziri wa Mkombozi, wizara ile ile, kwa sababu ufunguo wa ofisi alikuwa nao yeye. Amri mbili zikatolewa. Ya kwanza: ndani ya siku mia moja serikali itajenga nyumba elfu kumi kwa ajili ya wanyonge. Ya pili: ndani ya siku hizo hizo, kila mnara wa Mlezi Mkuu ubomolewe mpaka kwenye msingi.

Siku ya tisini na tatu Bwana Pazi alifika Kichanga kwa miguu, barua mkononi, koti amelivaa kinyume. Sikudhani alimpa kigoda na maji. Bi. Mashavu, aliyekuwa anachambua mchicha pembeni, alisogea kusikiliza.

"Nimeagizwa niandike taarifa," alisema Bwana Pazi. "Nieleze hivi vitu ni minara au ni nyumba. Kama ni minara, amri inasema vibomolewe. Kama ni nyumba, havina kibali cha nyumba, kwa hiyo vibomolewe." Akaizungusha barua mkononi. "Nimepewa uhuru wa kuchagua sababu."

"Lini?" aliuliza Bi. Mashavu.

"Buldoza limeshafika. Liko pale kiwandani. Jumatatu."

Bi. Mashavu akaacha mchicha. Mikono yake, iliyopasuka vidole vyote kwa udongo, ilibaki hewani kana kwamba imesahau inakokwenda. Hakutukana mtu yeyote, na hilo ndilo lililomwogopesha Sikudhani kuliko buldoza.

"Baba," Sikudhani alisema, "Waziri ameahidi nyumba elfu kumi. Mpaka leo amejenga ngapi?"

Bwana Pazi akaangalia mlango kwa mazoea. "Ameweka jiwe la msingi."

"Mahali pangapi?"

"Mahali hamsini."

"Mawe hamsini?"

"Jiwe ni moja. Linasafirishwa."

"Sasa hivi liko wapi?"

"Limeingia hapa mjini jana, pamoja naye. Wako nyumba ya wageni ya serikali."

Sikudhani akasimama, akaenda kutafuta gauni la harusi.

*

Waziri alimpokea barazani. Jiwe la msingi lilikuwa kando yake kwenye kiti cha peke yake, limefunikwa kitambaa cheupe. Waziri alikuwa amekonda kidogo. Zilikuwa zimebaki siku saba kufika siku ya mia moja, na Mkombozi alikuwa ameanza kumpigia simu kila asubuhi na kukata bila kusema neno.

"Nakukumbuka," alisema Waziri. "Wewe ni mama wa uzalendo mpana. Siku hizi uzalendo huo ni kosa la jinai."

"Ndiyo sababu nimekuja kukusaidia, Mheshimiwa. Umeahidi nyumba elfu kumi. Unazo ngapi?"

"Ziko kwenye mchakato."

"Mimi ninazo arobaini na mbili. Zina bati, zina milango. Ukija Ijumaa na bendi, zitakuwa ni wewe uliyezijenga."

Waziri alimtazama. Kisha akalitazama jiwe, kana kwamba anaomba ushauri. "Arobaini na mbili si elfu kumi," alisema, lakini kwa sauti ya mtu ambaye tayari anatafuta njia.

"Mheshimiwa ana wataalamu wa hesabu."

Nao walikuwepo. Waliitwa kutoka chumba cha pili, na kabla chai haijapoa walikuwa wameshapata kwamba nyumba moja, ikihesabiwa pamoja na kuta zake, milango, madirisha na wajukuu watakaozaliwa humo, ni sawa na nyumba mia mbili na thelathini na nane na ushee.

"Unataka nini wewe?" Waziri akauliza.

"Hati. Hati arobaini na mbili za kumiliki, kila moja na jina la mwenye nyumba, zimepigwa muhuri wa wino. Tuzishike mikononi kabla bendi haijaanza."

"Na nyinyi mtasema ni serikali iliyowajengea?"

Hapo Sikudhani alisita. Alifikiria tanuri, karai, kuta tatu zilizoanguka. "Tutasema," alijibu.

*

Bi. Mashavu alipoambiwa, alikaa juu ya ngazi ya mlango wake na kumpa mgongo.

"Umewauzia matofali yangu," alisema.

"Nimewauzia maneno tu, Bi. Mashavu. Matofali yamebaki kwetu."

"Mimi sina kitu kingine cha kujisemea duniani. Mtoto sikujaliwa, shamba sina. Nina haya tu: nilijenga. Sasa Ijumaa atasimama mtu mwenye kitambi aseme amejenga yeye, na wewe umpigie makofi."

"Jumatatu buldoza lingekuja, ungebaki na nini cha kusema?"

"Ningesema nilijenga na wao wakabomoa. Hata hilo lingekuwa langu."

Sikudhani alisimama pale mpaka kuku wa jirani wakamzunguka miguuni, kisha akarudi kwake. Usingizi ulimpaa. Kitwana alimwambia amefanya vizuri, haikusaidia. Alijua amefanya vizuri. Kilichomkereketa ni kwamba na Bi. Mashavu alikuwa amesema kweli.

*

Ijumaa asubuhi Bwana Pazi alileta hati zote ndani ya mkoba wa ngozi, akazigawa nyumba hadi nyumba kabla tarumbeta haijapulizwa. Wino wake ulikuwa haujakauka. Bi. Mashavu aliipokea yake, akaisoma mara mbili akifuata kwa kidole, akaingia ndani kuificha, akatoka akiwa amenuna vile vile. Picha za Mlezi Mkuu zilikuwa zimeondolewa juu ya milango, na mahali pake zimewekwa za Mkombozi, ambazo zilikuwa ndogo kidogo, kwa hiyo kila moja ilizungukwa na mstari wa ukuta msafi.

Redio ya taifa ilirusha sherehe moja kwa moja. Daktari Kolowa alipanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Siku mia moja zilizopita watu hawa walikuwa wakiishi porini! Walikuwa hawajui tofali ni nini! Walikuwa wakiliona wanadhani ni mkate!" Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni mzaha, askari wakawatazama, wakaacha. "Serikali ya Mkombozi ikawashika mkono. Ikawafinyangia udongo. Ikawachomea. Leo tunawakabidhi nyumba elfu kumi, na nasema mbele ya taifa zima: hizi ni mali yao! Kuanzia dakika hii hakuna mtu, awe askari, awe tajiri, awe hata mimi Waziri, atakayekanyaga humo bila ruhusa ya mwenye nyumba! Mkombozi hoyee!"

"Hoyee," wakasema Wapangaji Waliochoka.

Sikudhani akaitwa mbele. Alipewa ufunguo wa mbao wenye urefu wa mkono mzima, uliopakwa rangi ya dhahabu, na karatasi ya kusoma. Aliisoma. Alisema kwamba walikuwa porini. Alisema kwamba walikuwa hawajui tofali. Alipofika kwenye neno mkate aliinua macho, na kule nyuma ya umati akamwona Bi. Mashavu amesimama wima, mikono imekunjwa kifuani, anamtazama bila kupepesa. Akamalizia sentensi mbili za mwisho kwa kunong'ona, watu wa redio wakalazimika kumsogezea kipaza sauti mpaka mdomoni.

"Vizuri sana!" alisema Waziri, akiteremka jukwaani. "Sasa twendeni tukaione nyumba yetu."

Akaongoza njia. Nyuma yake wapiga picha, wataalamu wa hesabu, bendi, askari wanne na mtu wa redio na waya wake. Viatu vyote vilikuwa na tope la uwanjani. Walikuwa wanaelekea moja kwa moja kwenye mlango wa Sikudhani, uliokuwa wazi, na ndani yake sakafu aliyoipiga deki alfajiri kwa magoti.

*Nyumba yetu.* Neno hilo lilimpata Sikudhani mahali ambapo yale mengine yote hayakumfikia. Aliuangusha ufunguo wa mbao, akashika gauni kwa mikono miwili, akawapita mbio wapiga picha, akampita Waziri, akaingia ndani, akafunga mlango na kushusha komeo.

Waziri alisimama hatua moja kutoka mlangoni, fimbo juu, kama mtu aliyesimamishwa na fundi wa sanamu. Alimgeukia Bwana Pazi. "Utaratibu unasemaje?"

Bwana Pazi alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili hakuangalia mlango kwanza. Au tuseme aliuangalia, lakini kwa furaha. "Mheshimiwa umetangaza sasa hivi. Mpaka ruhusa ya mwenye nyumba. Na redio bado inarusha."

Waziri akatazama kipaza sauti. Akatazama umati. Mahali fulani katika mji mkuu Mkombozi alikuwa akisikiliza. Akakohoa.

"Hodi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeulizia dawa ya aibu dukani.

Komeo halikusogea.

"Sauti, Mheshimiwa!" Ilikuwa ni Bi. Mashavu, kule nyuma, naye alikuwa ameanza kusogea mbele akiwapangua watu kwa viwiko, uso umemfunguka. "Ongeza sauti! Kuta hizo ni za matofali yangu mimi, nimeyachoma siku saba! Hazipitishi maneno madogo madogo!"

Wimbi la kicheko likapita Kichanga yote, na safari hii askari nao walikuwa wakitazama viatu vyao. Redio ikarusha kicheko, ikarusha na maneno ya Bi. Mashavu, kila neno, mpaka mipakani.

"Hodi!" Waziri akapaza sauti.

Sikudhani alikuwa ameegemeza mgongo kwenye mlango. Hati ilikuwa imelowa jasho kifuani. Alisikia serikali nzima ikipumua upande wa pili wa mbao, ikisubiri. Akajipangusa uso kwa ncha ya kanga. Akanyoosha gauni. Hakuwa na haraka yoyote.

"Nani?" akauliza.